Je, Ritifaa ni Herufi? Ng' ya Kiswahili katika Mizani ya Kompyuta



Najua wapo waliotarajia kwamba ningezungumzia ngeli, kwa kuwa ngeli ndizo zilizonilisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Nawaomba radhi. Leo nimekuja na alama moja tu, ndogo kuliko zote zilizomo katika maandishi yetu, ambayo wengi wetu huiandika bila kuifikiria: ile ritifaa iliyomo katika neno ng'ombe. Swali langu ni jepesi kulitamka: je, alama hiyo ni herufi au si herufi?

Chanzo cha swali

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi wangu wa shahada ya uzamili alikusanya makala za Kiswahili zinazohusu kilimo na ufugaji, akaziingiza katika kompyuta ili ahesabu maneno. (Wenzetu wa Kenya husema tarakilishi, na wapo waliowahi kupendekeza ngamizi, mniruhusu niseme kompyuta, tusije tukapotezea jioni yetu hapo.) Aliniletea orodha ya maneno yanayojirudia sana. Nikashangaa kuona kwamba katika makala za kilimo kitenzi oa kilikuwa kimejaa tele. Nikamwuliza: wakulima hawa wanalima au wanaoana? Naye alikuwa amekwisha kuandika aya nzima ya kueleza jinsi masuala ya ndoa yanavyoingiliana na uzalishaji mashambani. Ilikuwa aya nzuri, yenye hoja. Ilikuwa na kasoro moja tu, kwamba jambo lililoelezwa halikuwapo.

Tulipotazama matini yenyewe tuligundua kwamba kila palipoandikwa kung'oa magugu, programu ilikata neno penye ritifaa, ikahesabu kung kuwa neno moja na oa kuwa neno la pili. Waling'oa likawa waling na oa. Ng'ombe akawa ng na ombe. Ng'ambo ikawa ng na ambo, na ambo hiyo ikaenda kukaa karibu na amba- ya urejeshi, jambo ambalo lingeweza kumpotosha mwanasintaksia yeyote asiye mwangalifu. King'ora, unyang'anyi, mng'ao, kung'amua, yote yalikuwa yamevunjwa vipande.

Mwanafunzi hakuwa mzembe. Alitumia mbinu zilizojengewa ndani ya lugha ya programu aliyofundishwa, akaziamini kama sisi tulivyoamini kamusi tulipokuwa vijana. Kwa hiyo ilinibidi, katika umri ambao wenzangu wanajiandaa kustaafu, niende kujifunza mbinu hizo zinasema nini.

Mashine huulizwa nini

Lugha nyingi za programu zina mbinu za kuchunguza sifa za alama za maandishi. Nitachukua mfano wa Python, kwa kuwa ndiyo inayotumiwa na wanafunzi wengi wa isimu siku hizi. Ndani yake imo mbinu iitwayo isalpha, ambayo kazi yake ni kuuliza: je, hizi zote ni herufi? Imo isdigit, inayouliza kama ni tarakimu. Isupper na islower, zinazouliza juu ya herufi kubwa na ndogo. Isspace, inayouliza juu ya nafasi tupu. Jibu ni moja kati ya mawili: kweli au si kweli. Hakuna "pengine", hakuna "inategemea", wala hakuna tanbihi chini ya ukurasa.

Ukiipa isalpha neno ngombe, lililoandikwa kimakosa bila ritifaa, itajibu kweli. Ukiipa ng'ombe, lililoandikwa kama tunavyofundisha darasani, itajibu si kweli. Naomba tutulie kidogo hapo. Mashine inaipokea tahajia mbovu na kuikataa tahajia sanifu, na inafanya hivyo kwa uaminifu kamili, kwa sababu ndivyo jedwali lake linavyosema.

Jedwali hilo lina historia yake. Mfumo wa msimbo uitwao ASCII ulitolewa Marekani mwaka 1963, na herufi ndogo zikathibitishwa katika toleo la mwaka 1967. Una nafasi 128 tu. A kubwa ni namba 65 na Z ni 90. A ndogo ni 97 na z ni 122. Tarakimu 0 hadi 9 zinakaa 48 hadi 57. Ritifaa ni namba 39, miongoni mwa vituo. Katika lugha ya C, iliyozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuuliza kama alama fulani ni herufi kulikuwa, katika mazingira ya ASCII, sawa na kuuliza kama namba yake imo katika safu hizo mbili. Kwa hiyo "herufi" maana yake ilikuwa herufi za Kiingereza.

Mwaka 1991 lilitoka toleo la kwanza la Unicode, mfumo uliokusudiwa kuzipa namba alama za maandishi yote ya dunia. Si namba tu: kila alama imepewa kundi lake. Yako makundi ya herufi, ambayo ni kubwa, ndogo, zile zisizo na ukubwa wala udogo kama za Kiarabu, na nyinginezo. Yako makundi ya tarakimu, ya vituo, na ya alama zinazokaa juu au chini ya herufi nyingine bila kuchukua nafasi yake peke yake. Isalpha ya Python hujibu kweli kwa makundi matano ya herufi, na kwa kila kundi jingine hujibu si kweli. Ritifaa namba 39 imeachwa kati ya vituo, pamoja na nukta na mkato. Waliojaza jedwali hawakutudharau. Walichukua alama ya taipureta, iliyokuwa ikifanya kazi za kufungua nukuu, kufunga nukuu na kuonyesha herufi iliyodondoshwa, wakaiweka mahali panapostahili kwa lugha walizozijua zaidi.

Kuhusu tarakimu nitapita haraka, ingawa kuna ya kuchekesha. Tarakimu za Kiarabu zinazoonekana katika kurasa za hati zetu za kale, ١ ٢ ٣, zinakubaliwa na isdigit bila tatizo, na Python inaweza kuzigeuza kuwa namba 123 na kuzifanyia hesabu. Nusu iliyoandikwa kwa alama moja, ½, si tarakimu kwa isdigit, bali inakubaliwa na mbinu nyingine iitwayo isnumeric. Mbinu hiyohiyo inakubali alama ya Kichina yenye maana ya tatu. Neno letu tatu haikubali. Hapo sina malalamiko.

Ng' na ndugu zake

Turudi kwenye ritifaa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua kwamba ng na ng' ni vitu viwili. Katika ngoma tunasikia nazali ya kaakaa laini ikifuatwa na kipasuo. Katika ng'ombe tunasikia nazali peke yake. Ngoa, neno ambalo vijana wa leo huenda hawalijui, ni wivu au tamaa ya moyo. Ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake. Maneno haya mawili yanatofautiana kwa fonimu, na katika maandishi tofauti hiyo yote imebebwa na ritifaa. Ukiiondoa, hukuondoa kituo, umebadilisha konsonanti. Ni kama mtu kufuta h katika sha akasema amefuta pambo.

Kwa nini basi tukaandika konsonanti kwa alama ya kituo? Katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Wakati huohuo, mwishoni mwa miaka ya 1920, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyokuwa London, ilikuwa ikipendekeza herufi mpya kwa lugha za Afrika, mojawapo ikiwa ŋ. Luganda inayo herufi hiyo katika abjadi yake mpaka leo. Kiswahili hakikuifuata njia hiyo. Kilibaki na herufi zinazopatikana katika kila taipureta na kila kiwanda cha uchapaji. Mimi nimeandika tasnifu yangu kwa taipureta, na siwalaumu. Lakini angalieni matokeo. Herufi ŋ ina namba 331 katika Unicode, imo katika kundi la herufi ndogo, na kubwa yake ni namba 330. Isalpha inaipokea bila swali. Mganda akiandika nazali hiyo kwa herufi ya abjadi yake, mashine inaona herufi. Mswahili akiandika sauti ileile, mashine inaona herufi mbili na kituo.

Hapa kuna jambo ambalo mashine haiulizi kabisa. Mbinu hizi huchunguza alama moja moja, ilhali konsonanti yetu inaweza kuwa na alama mbili, kama ch, dh, gh, ny, sh na th, au tatu, kama ng'. C peke yake haina kazi katika maneno sanifu ya Kiswahili, lakini isalpha inaipokea kwa sababu ni herufi mahali fulani. Ritifaa peke yake haina sauti, nayo inakataliwa kwa sababu ni kituo mahali fulani. Kwa hiyo si kweli kwamba mashine inajua herufi za Kiswahili ila imeisahau moja. Haizijui, inajua herufi za dunia nzima zikiwa zimemwagwa pamoja, na zetu zimo kwa kubahatika kufanana na za wengine.

Kuna mbinu nyingine iitwayo title, ambayo hugeuza mwanzo wa kila neno kuwa herufi kubwa, na ambayo hutumiwa sana katika kutengeneza vichwa vya habari, orodha za majina na vyeti. Mpe ng'ombe, atakurudishia Ng'Ombe. Mpe ng'ambo, utapata Ng'Ambo. Sababu ni kwamba mbinu hii hutazama alama iliyotangulia: kama si herufi yenye ukubwa au udogo, inadhani neno jipya limeanza. Kila mtu aliyewahi kupokea barua yenye jina lake likiwa na herufi kubwa katikati anaweza sasa kujua ilikotoka. Hata hivyo ipo mbinu ya jirani, capitalize, inayokuza alama ya kwanza tu na kuziacha nyingine zikiwa ndogo, nayo hutoa Ng'ombe kama inavyotakiwa. Lakini ukiipa majina mawili kwa pamoja, la pili litabaki na herufi ndogo.

Ritifaa ina kazi nyingine katika Kiswahili, na hapa ndipo ugumu wenyewe unapozidi. Waandishi wa Kimvita huitumia kuonyesha mpumuo: paa la nyumba halina mpumuo, p'aa mnyama anao. Hapo pia ritifaa ni sehemu ya konsonanti. Katika maandishi ya mazungumzo na katika ushairi, alama hiyohiyo huonyesha sauti iliyodondoshwa, kama katika n'takwenda badala ya nitakwenda. Hapo ni ritifaa kwa maana yake ya asili. Na waandishi wengi huitumia kama alama ya mnukuu. Katika Python yenyewe matini huweza kufungwa kwa alama hizohizo, kwa hiyo mwanafunzi akiandika 'ng'ombe' katika programu yake, mashine inafikiri kwamba maneno yameishia baada ya ng, kisha inakutana na ombe na kugoma. Nimewaona wanafunzi wawili wakikaa mchana mzima mbele ya kosa hilo. Ukitumia alama za nukuu zenye mistari miwili, shida hiyo huondoka.

Na kama hayo hayatoshi, ritifaa yenyewe si moja. Kibodi hutoa namba 39, iliyo wima. Programu za kuandikia na simu nyingi huigeuza zenyewe kuwa ile iliyopinda, namba 8217, ambayo ni alama ya kufunga nukuu. Mara nyingine huwa 8216, ya kufungua. Wengine hubonyeza namba 96 au 180, ambazo ni alama za mkazo zilizolala. Kisha ipo namba 700, ambayo ina sura ileile iliyopinda lakini katika jedwali imewekwa katika kundi la herufi. Macho yetu huona ng'ombe mmoja. Mashine huona sita, na katika hao ni mmoja tu ambaye isalpha itamkubali. Anayetafuta neno hilo katika maktaba ya kidijitali kwa kutumia namba 39, ilhali kitabu kiliingizwa kwa 8217, anaweza kuambiwa kwamba halimo.

Irabu za hati zetu

Ningependa kusogea kando kidogo, kwa kuwa wapo humu wanaoshughulika na hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na tatizo lao ni ndugu wa hili. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi hizo kwa karne kadhaa. Hati ya Utendi wa Tambuka inatajwa kuwa ya mwaka 1728. Herufi za Kiarabu zenyewe hukubaliwa na isalpha, pamoja na zile zilizoongezwa kwa ajili ya sauti zisizo za Kiarabu kama p na ch. Lakini fataha, kasra na dhuma, yaani alama za irabu fupi, zimo katika kundi la alama zisizochukua nafasi. Isalpha huzikataa, na neno zima likakataliwa pamoja nazo. Mbinu ya kawaida ya Python ya kutafuta maneno kwa ruwaza nayo hukata neno kila penye irabu.

Kwa Mwarabu hasara hiyo ni ndogo, kwa kuwa maandishi yake ya kila siku hayana alama hizo, na mzizi wa konsonanti humsaidia msomaji. Kwa Mswahili mambo ni kinyume. Pika na paka hutofautishwa na irabu peke yake. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia W. E. Taylor kukusanya mashairi ya Muyaka katika karne ya kumi na tisa, alihangaikia namna ya kuufanya mwandiko wa Kiarabu ubebe sauti za Kimvita. Anayesafisha hati kama hizo kwa kufuta kila ambacho "si herufi" anafuta kazi yake hiyo kwa mstari mmoja wa programu.

La kutia moyo ni kwamba wenye jedwali wenyewe hawakubaliani. Katika lugha ya Java zipo mbinu mbili: isLetter, inayotazama makundi ya herufi tu, na isAlphabetic, iliyoongezwa katika toleo la saba mwaka 2011, inayotazama sifa pana zaidi ya kuwa sehemu ya abjadi. Ukiziuliza juu ya fataha, ya kwanza itajibu si kweli, ya pili kweli. Nilipoliona hilo nilifarijika kama mwanaisimu. Maana yake ni kwamba hata huko swali la nini ni herufi halikumalizika. Lilipewa majibu mawili, na mtumiaji akaachiwa achague.

Tatizo linalokaribiana na hilo linamhusu marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025. Jina Ngũgĩ linaweza kuandikwa kwa alama tano, pale ũ na ĩ zinapokuwa herufi kamili, namba 361 na 297. Linaweza pia kuandikwa kwa alama saba, yaani u na i za kawaida, kila moja ikifuatwa na kiwimbi, namba 771. Kwenye karatasi hakuna tofauti. Isalpha hujibu kweli kwa la kwanza na si kweli kwa la pili. Dawa yake inajulikana: kabla ya kuuliza chochote, matini hupitishwa katika utaratibu wa kuunganisha herufi na alama zake. Dawa hiyo haisaidii Thiong'o.

Jina katika fomu

Pengine mtaniambia kwamba hayo ni mambo ya wataalamu, na kwamba kitenzi oa kikizidi katika orodha hakuna anayekufa njaa. Nitawasimulia jambo jingine. Kijana mmoja kutoka Shinyanga, niliyepata kumfundisha, ana jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w. Cheti chake cha kuzaliwa kimeandikwa kwa ritifaa, na vyeti vya shule vivyo hivyo. Siku moja alijaza fomu ya kompyuta katika ofisi ambayo sitaitaja. Fomu ikamjibu kwamba jina lake lina alama isiyoruhusiwa, na kwamba aingize herufi tu. Alijaribu mara tatu. Nyuma yake kulikuwa na foleni. Akaifuta ritifaa, fomu ikapokea.

Baadaye alipopeleka vyeti vyake mahali pengine aliambiwa kwamba majina hayafanani. Alitakiwa kula kiapo mbele ya wakili kwamba mtu wa karatasi ya kwanza na mtu wa karatasi ya pili ni mmoja. Alilipa ada. Akaniambia: "Mwalimu, nimeapa kwamba mimi ni mimi." Sikuwa na jibu. Ndani ya fomu ile, kwa kadiri ninavyoweza kukisia, kulikuwa na mstari mmoja wa programu ulioandikwa na mtu mwenye nia njema, aliyetaka kuzuia watu wasiingize namba mahali pa jina. Aliuliza: je, zote ni herufi? Huenda yeye mwenyewe ni msemaji wa Kiswahili, na huenda anafuga ng'ombe.

Na jina hilo si la ajabu. Wasukuma, Waluo na Wakikuyu wana majina mengi yenye ng', na yanaandikwa kwa ritifaa kama tunavyoandika Kiswahili.

Nini kifanyike

Wapo wenzangu wanaoshauri kwamba tuhamie namba 700, kwa kuwa jedwali tayari limeikubali kuwa herufi. Wanatoa mfano wa Wahawaii, ambao alama yao ya kikomo cha koo, inayofanana na ritifaa iliyogeuzwa, huhesabiwa kuwa konsonanti na huandikwa kwa namba 699, iliyo katika kundi hilohilo. Nauheshimu ushauri huo, na kwa matoleo ya kitaaluma ya hati naukubali. Kwa umma siukubali. Namba 700 haimo katika kibodi zetu za kawaida. Vitabu, magazeti na barua za miongo kadhaa vimeandikwa kwa 39 na 8217. Tukiitangaza leo, tutamweneza ng'ombe wa sita bila kuwaondoa wale watano. Tena namba hiyo haina ukubwa wala udogo, kwa hiyo hata tukiitumia, mbinu ya title itaendelea kutuandikia O kubwa katikati ya neno.

Maoni yangu ni kwamba mkono wa mwandishi uachwe ulivyo, na kanuni iwekwe katika programu. Tena Kiswahili chenyewe kinaturahisishia. Silabi zetu ni wazi. Hakuna neno sanifu linalokomea kwa ng. Kwa hiyo ritifaa inayofuata ng moja kwa moja, karibu kila mara, ni sehemu ya konsonanti, iwe inafuatwa na irabu kama katika ng'oa, au na w kama katika ng'wafua, au iwe mwishoni kama katika jina Anyang'. Programu ianze kwa kuzigeuza zile alama sita kuwa moja, kisha ichukulie ng pamoja na ritifaa kuwa herufi moja kabla haijauliza swali jingine lolote. Ritifaa nyingine, za udondoshaji na za nukuu, zibaki na hukumu yake. Kwa maandishi ya Kimvita itabidi kuongeza p', t', k' na ch', na hapo mtafiti atalazimika kutazama kwa macho yake, kwa sababu mipaka na udondoshaji haiko wazi vilevile.

Kanuni hii ina tundu, na ni haki niliseme. Mtu akiandika 'Beijing' ndani ya alama moja moja za mnukuu, programu itadhani kwamba mji huo unakomea kwa nazali yetu. Kwa hiyo iangalie pia kama neno lilianza kwa alama ya kufungua. Mwanafunzi wangu alipoongeza sharti hilo, oa ikashuka mpaka mahali pake, na ng'oa ikapanda. Ile aya yake ya ndoa aliifuta mwenyewe. Kanuni za Unicode za kukata maneno, ambazo ni kitu tofauti na isalpha, huiacha ritifaa iliyo katikati ya herufi mbili bila kuikata. Anayeweza kuzitumia atapata ng'ombe mzima tangu mwanzo, ila Anyang' atapoteza mkia.

Lakini mtengenezaji wa fomu hatasoma mhadhara huu. Atatafuta mahali palipoandikwa kwamba Kiswahili kina herufi hizi na hizi, na hapo ndipo sisi tunapodaiwa. Abjadi tunayowaimbisha watoto ina herufi 24, bila q na x, na ritifaa haimo. Kamusi zetu hupanga ng'ombe na ng'oa chini ya N, kana kwamba ritifaa ni vumbi lililoangukia ukurasa. Tumefundisha fonimu hii kwa miongo mingi bila kutamka, katika maandishi ambayo mtu asiye mwanaisimu anaweza kuyatumia, kwamba alama yake ya tatu ni sehemu ya herufi.

Nimeandaa sentensi moja ambayo ningependa iwasilishwe katika Baraza la Kiswahili la Taifa na katika Baraza la Kiswahili la Zanzibar, na nakala yake itabaki mezani kwa anayetaka kuisahihisha kabla haijapelekwa. Inasema hivi: "Katika maandishi ya Kiswahili, na katika majina ya watu na mahali ya Afrika Mashariki, ng' ni herufi moja inayoandikwa kwa alama tatu, na alama yake ya tatu haitafutwa wala kukataliwa kwa sababu ya kuwa kituo." Niko tayari kwa maswali yenu, hasa ya wanafonolojia, ambao nimewaona wakinong'onezana tangu nilipofika kwenye mpumuo.